Mhubiri Ndani ya Sanduku

Fundi Randa alikuwa na tabia moja iliyowachosha wenye maduka wote: hanunui kitu kabla hajakigonga. Meza ataigonga, mlango ataugonga, hata tikiti maji ataligonga na kulitegea sikio kama anayesubiri lijibu. Kwa hiyo mkewe alipomwomba wafuatane kwenda kununua spika, hakuuliza kazi yake ingekuwa nini. Alijua. Alitoka nyumbani vifundo vya vidole vikimwasha.

Mkewe alikuwa mpokea simu wa hospitali. Kutwa nzima alikaa kwenye kijichumba cha kioo karibu na lango, akiunganisha watu na wodi, na alikuwa amewajua madaktari na nusu ya mji kwa sauti zao kabla hajawajua kwa sura. Mtu akisema "halo" tu, yeye ameshajua kama ana homa, ana deni au ana mtoto mpya. Wauguzi walimpachika jina la Bi Simu, na jina likamganda mpaka mumewe naye akaanza kulitumia kila anapotaka kumtania.

Jioni akirudi, Bi Simu huyo alikuwa mtu mwingine. Alifungua chumba cha nyuma, ambacho zamani kilikuwa stoo ya mbao za Randa, akakaa mbele ya kinanda na kompyuta, akatengeneza nyimbo za watu. Waimbaji aliwasimamisha ndani ya kabati la nguo, katikati ya makoti na mablanketi, kwa kuwa nguo hunywa mwangwi na sauti hutoka safi. Randa mwenyewe ndiye aliyeng'oa rafu za kabati ili mtu mzima aingie bila kuinama. Alikuwa amezoea kumkuta mtu asiyemjua akitoka kabatini mwake anajifuta jasho, akamwamkia na kuendelea na safari yake ya jikoni.

Safari hii waimbaji walikuwa wauguzi wa wodi ya wazazi. Mkunga wao mkongwe alikuwa anastaafu, na walitaka kumuaga kwa wimbo. Sasa, mkunga huyo alikuwa na jambo lake. Mzazi akizidiwa na uchungu, mama yule humwekea mkono mgongoni akavumisha kifuani sauti nzito, ya chini, isiyo na neno hata moja, mpaka mzazi anajikuta anapumua pamoja nayo. Bi Simu alimrubuni aingie kabatini kwa kisingizio cha kujaribu kipaza sauti, akaunasa ule mvumo, na juu yake akaujenga wimbo mzima. Wauguzi wanaimba, wananyamaza, mvumo unapita, wanaimba tena.

Pale chumbani, kwenye sabufa yao kubwa, mvumo ulijaa hadi vioo vya dirisha vikatetema. Kwenye gari la hospitali, ambako wauguzi walikwenda kuusikiliza, haukusikika kabisa. Wimbo ukarudi. Bi Simu akaurekebisha, akaupeleka, ukarudi tena.

"Dada, ngoma tunaisikia, na sisi wenyewe tunajisikia," Sista Mkuu, kiongozi wa wauguzi, alimwambia pale dirishani kwake. "Mama ndiye hayumo. Na wimbo ni wa kwake. Safari hii ya mwisho ikishindikana tutaupeleka studio ya mjini, usije ukaninunia."

Bi Simu hakununa. Alifika nyumbani, akapakua chakula, akala kidogo, kisha akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayeomba chumvi: "Ukirudi tena, kinanda nauza. Chumba nitakurudishia uweke mbao zako."

Randa alikuwa amekililia chumba kile kwa muda mrefu, tena kwa maneno makali. Ajabu ni kwamba alilirudisha tonge kwenye sahani.

"Kwani tatizo nini hasa?" aliuliza.

"Sabufa. Inapenda mno sauti nzito. Kila sauti nzito inaipamba, inaivika koti. Mimi nasikia mvumo umejaa, nauacha hivyo hivyo, kumbe kilichojaa ni sabufa. Nikitoka nje ya chumba hiki, koti limebaki nyumbani na mama wa watu yuko uchi."

Walikuwa na akiba yao ya kutosha spika za studio, si zile za wakubwa, zile za mtu anayeanzia nyumbani. Basi Jumamosi wakatoka watu watatu, maana dada yake Randa, wifi yake Bi Simu, alisikia habari ya dukani na hakuna safari ya dukani iliyowahi kumpita.

Mwenye duka alikuwa jamaa mfupi mwenye mikono mipana, anaitwa Volyumu. Hakuna aliyehitaji kuelezwa sababu. Aliwapangia mezani jozi tatu, akachomeka nyaya, na akaanza somo.

"Hizi zote amplifaya iko humo humo ndani. Kila moja na waya wake wa umeme, unachomeka, unapiga kazi. Huhangaiki na mtambo mwingine pembeni. Jozi hii ya kwanza ndiyo wanayoichukua watu wengi. Sikiliza."

Aliweka wimbo wa kucheza, akapandisha sauti. Spika za jozi ya kwanza zilikuwa nyeusi zenye kung'aa, na koni ya manjano katikati iliyochezacheza kama shavu la mpiga tarumbeta. Meza ilitetemeka. Wifi alianza kutikisa mabega bila kukusudia. Randa alisogea, akazigonga ubavuni, akarudi kwa mkewe na uso wa mtu aliyemaliza kazi.

"Hizi hizi," alisema. "Mbao zake zimejaa, hazitoi mlio mtupu."

"Ngoja, baba," mkewe alisema. "Kaka, punguza sauti. Punguza tena. Tena."

Volyumu aliitazama swichi yake kama mtu aliyeombwa amnyonge kuku anayempenda.

"Dada, sasa utasikia nini?"

"Nataka kumsikia huyu," Bi Simu alisema, na akamshika mumewe kiwiko.

Kumbe alikuwa na jambo lake tayari. Siku mbili zilizotangulia alikuwa amemnasa Randa nyumbani, kwa kipaza sauti chake kizuri, bila mwangwi, akisema maneno anayoyasema kila jioni. Maneno hayo yalikuwa ndani ya simu yake. Alimsimamisha Randa kando ya jozi ya kwanza, akawageuza wifi na Volyumu waangalie mlangoni, migongo kwa meza.

"Mtasikia mara mbili," aliwaambia. "Mara moja ni mtu, mara moja ni spika. Kazi yenu ni kuniambia ipi ni ipi. Haya baba, sema yale ya chai."

Randa alijihisi mjinga, lakini alisema: "Mama, chai imeiva, njoo kabla haijapoa."

Kisha spika ikasema: "Mama, chai imeiva, njoo kabla haijapoa."

Wifi hakuchukua hata nukta. "Huyo wa pili ni mhubiri," alisema, macho bado mlangoni. "Kaka yangu tangu azaliwe hajawahi kuwa na kifua hicho. Huyo anataka sadaka, siyo chai."

Volyumu alicheka, akajikaza, akakubali. Jozi ya pili wakaipima vivyo hivyo. Safari hii spika ilianza, Randa akafuata. Volyumu mwenyewe akasema yule wa kwanza anaongea akiwa ameingiza kichwa ndani ya ndoo. Jozi ya tatu ilikuwa ndogo, ya rangi ya kijivu kama gauni la shule, haina hata urembo mmoja wa kumvuta mtu. Bi Simu aliwapa ishara. Kukatoka sauti, kukatulia, kukatoka sauti tena.

Wifi alikuna kichwa. "Kaka, umerudia mwenyewe mara mbili, acha mchezo."

"Mimi nimesema mara moja tu," Randa alisema.

"Basi ya kwanza ndiyo wewe."

"Ya kwanza ni spika," Bi Simu alisema.

Wifi aligeuka, akazitazama zile spika ndogo, akamtazama kaka yake, kama anayelinganisha watoto pacha. Watu wawili waliokuwa wanasubiri betri waliacha kusubiri, wakaja karibu. Volyumu aliomba jaribio lirudiwe, akakosea na yeye, akaomba tena, akakosea tena. Alikuwa ameuza spika miaka yote hiyo na hakuwahi kumwona mteja akizipima kwa mume.

Ni Randa peke yake aliyekuwa hana raha. "Hiyo ya tatu inanipitisha puani," alilalamika. "Mimi siongei hivyo. Ile ya kwanza ndiyo mimi."

"Kaka, unaongea hivyo hivyo," wifi alisema. "Tangu utoto. Tulikuwa tunakuita Zumari, hukujua?"

"Mliniita nani?"

"Wewe unajisikia kupitia mifupa ya kichwa chako," mkewe alimwambia, na alisema taratibu, maana aliona uso wake. "Kila mtu yuko hivyo. Kwa ndani wote tuna vifua. Sisi wengine tunakusikia huku nje, na huku nje ndiko ninakokupenda."

Watu wa betri waliguna. Randa alikohoa, akaangalia dari. Akachukua moja ya zile ndogo, akaigonga, ikatoa mlio mkavu, mfupi, usio na maringo. Alimtazama mkewe akilipa, kisha akilikumbatia boksi kifuani, na akafikiri kwamba yeye miaka yote hii amekuwa akigonga vitu akidhani anavisikiliza. Kusikiliza kwenyewe kumbe ni huku: kumgeuza mtu akaangalia mlango, ukamwacha aseme ukweli.

Siku za kwanza spika zilikaa mezani, mbele kidogo ya ukuta, kila moja juu ya tofali lililofungwa kitambaa. Kila jioni kabla ya kuanza kazi, Bi Simu alipiga kwanza yale maneno ya chai, asikie kama masikio yake yako sawasawa, kama vile fundi anavyojaribu makali kwa kidole gumba. Randa akiwa jikoni alikuwa anajisikia akimwita mkewe kwa sauti ya zumari. Ilimuudhi kidogo. Lakini wimbo ulikuwa unakwenda vizuri. Mkewe alitoka chumbani akiwa anaimba, na hilo lilimtosha.

Kilichomkera ni yale matofali. Mwanamke mwenye masikio ya namna ile anaweka spika zake juu ya matofali, ndani ya nyumba ya seremala. Watu wakija watasema nini? Basi wiki ile, mkewe akiwa kazini kutwa, Randa aliacha makabati ya watu karakanani, akatoa mbao za msaji alizokuwa amezificha kwa ajili ya kitu ambacho hakuwa bado anakijua, akagundua kitu chenyewe ndicho hiki. Alitengeneza masanduku mawili. Pembe zilishikana meno kwa meno bila msumari hata mmoja. Alipiga msasa mpaka mbao zikawa laini kama shavu, akapaka vanishi, ikakauka, akapaka tena. Kila spika iliingia ndani ya sanduku lake kama mguu ndani ya kiatu kilichopimwa, haina pa kucheza, na mgongo akauziba kwa ubao mzima, akaacha kitundu cha nyaya tu. Nyuma ya spika aliona tundu la mviringo lenye upana wa kikombe. Aliwaza kwamba humo ndimo vumbi na mende huingilia, na akafurahi kwamba sasa hawataingia.

Bi Simu aliporudi alisimama mlangoni na mkoba wake mkononi. Alisogea, akapitisha kiganja juu ya pembe, akatafuta mahali zilipoungana, asipaone.

"Baba," alisema mwishowe. "Hivi mikono yako imesomea wapi?"

"Mitaani," Randa alisema, akajifanya anafagia. Siku ile hakuna mfalme aliyempita.

Alhamisi alasiri Randa alikuwa uani anapaka gundi miguu ya stuli. Wimbo ulitakiwa kwa wauguzi kesho yake asubuhi. Mkewe alikuwa ameomba ruhusa awahi kurudi aumalize. Dirisha la chumba cha nyuma lilikuwa wazi. Kama kawaida akapiga kwanza maneno yake ya kupimia.

"Mama, chai imeiva, njoo kabla haijapoa."

Randa aliacha gundi. Ilikuwa sauti nzito, pana, imetulia, sauti ya mwanaume ambaye akikohoa watu wananyamaza. Hiyo ndiyo sauti yake. Akatabasamu peke yake. Alisema moyoni kwamba mbao nzuri haina mfano. Spika zilikuwa sawa, zilikosa nyumba tu.

Wifi aliingia uani kwa lango la nyuma, na mfuko wake wa nguo za kuuza begani. Chumbani mkewe alirudia yale maneno, mara ya pili, ya tatu. Haikuwa kawaida yake kurudia.

"Unasikia?" Randa alimwambia dada yake, akinyoosha kidole dirishani. "Zumari yuko wapi sasa?"

Wifi alitega sikio akiwa anatua mfuko. "Ah," alisema, "mhubiri karudi."

Alisema kwa utani tu, akaendelea kufungua mfuko wake. Lakini Randa alibaki na brashi ya gundi hewani.

Mhubiri karudi. Mhubiri wa dukani, wa zile spika nyeusi zilizokataliwa. Yeye Randa hakubadilika sauti wiki hii. Maneno yalikuwa yale yale, ndani ya simu ile ile. Spika zilikuwa zile ndogo za kijivu, ambazo wiki iliyopita zilimfanya azumarike. Kilichoongezeka katikati ya siku ile na siku hii kilikuwa kitu kimoja, na kitu hicho kilitoka mikononi mwake.

Aliingia ndani. Mkewe alikuwa ameegemeza viwiko mezani na ameshika kichwa. Kwenye kompyuta mistari ya wimbo ilikuwa imesimama.

"Vipi?"

"Masikio yangu yamekufa, baba. Mvumo wa mama unanguruma, nimeupunguza. Bado unanguruma, nikaupunguza tena. Sasa hivi umebaki kidogo hivi," alionyesha ncha ya ukucha, "na bado naona umezidi. Hata wewe hapa sikuelewi. Nakupiga nakurudia, nasikia mtu mwingine. Sista alisema kweli. Mtu asiyemsikia hata mumewe atamsikiaje mtu mwingine."

Randa alisimama pale. Ingewezekana kunyamaza. Angeweza kusema pumzika, utaamka na masikio mapya. Masanduku yalikuwa yanang'aa pande zote mbili za kichwa chake, na jua la dirishani lilikuwa limeingia ndani ya vanishi likawasha mishipa yote ya msaji. Tangu ashike randa, hakuwahi kutengeneza kitu kizuri kuliko yale.

"Masikio yako ni mazima," alisema. "Ni masanduku."

"Masanduku yana nini? Ndicho kitu kizuri kuliko vyote nyumba hii."

"Ndiyo. Na yanasema uongo." Alivuta stuli, akakaa, kwa sababu alitaka kulisema lote mara moja. "Fundi mwenye futi iliyokatika ncha, anapima, anakata, kila ubao unatoka mfupi. Anaulaumu msumeno. Anajilaumu mwenyewe. Hajui kwamba futi yake inaanza kuhesabu ilipokatika. Wewe unapima wimbo kwa futi niliyoikata mimi. Yule mama sauti yake nzito, masanduku yangu yanamvika koti kama ile sabufa, wewe unaliona koti unampunguza yeye. Kesho kwenye gari atakuwa hayupo tena."

Bi Simu aligeuza kiti kumkabili. "Umejuaje?"

"Nimejisikia nina kifua," Randa alisema kwa huzuni. "Na mimi kifua sina."

Wifi, aliyekuwa ameingia nyuma yao bila kualikwa, aliziba mdomo kwa kanga ya kuuza.

Randa alishika sanduku la kushoto, akalivuta, akaitoa spika. Ilitoka kwa shida, akisikia ilivyokwaruza ule ulaini alioupiga msasa kwa siku nzima. Akatoa na ya pili. Akazisimamisha mezani wazi, na lile tundu la nyuma, ambalo spika hupumulia, likawa limeangalia ukuta kwa mbali. Mkewe akapiga maneno. "Mama, chai imeiva," ikasema spika, kwa pua, kavu, kama zumari, na Bi Simu akafumba macho na mabega yake yakashuka kama mtu aliyetuliwa mzigo.

"Huyo hapo," alisema. "Huyo ndiye."

Kisha akapiga wimbo. Ilipofika zamu ya mvumo wa mkunga, haukuwapo. Palikuwa na pengo tu, wauguzi wakinyamaza bila sababu. Alisikiliza mara moja, akashusha pumzi, akaanza kuurudisha kidogo kidogo, na Randa akatoka kwa kunyata.

Uani alimkuta dada yake amekaa juu ya mfuko wake.

"Kaka, kazi nzuri vile sasa utaichoma?"

"Nani kasema nachoma?"

Aliyabeba masanduku hadi kwenye benchi. Aliona kwamba mkewe bado anahitaji kitu cha kuweka spika zake, zifike usawa wa masikio, na kitu hicho kisitikisike. Akayasimamisha masanduku wima, akaziba mdomo wa mbele kwa ubao, akajaza ndani mchanga mkavu wa ujenzi kupitia vitundu vya nyaya mpaka yakawa mazito kama watoto waliolala, akaviziba. Uso uliopendeza kuliko nyuso zote, wenye meno yaliyoshikana, ukawa chini, wa kulalia meza, ambapo hakuna atakayeuona isipokuwa mtu atakayeliinua sanduku. Alipoyaingiza chumbani na kuyapandisha mezani mkewe hakugeuka, alikuwa mbali. Randa aliziinua spika moja moja, akaziweka juu yake, hazijafunikwa na kitu, akagonga sanduku mara moja kwa vifundo vya vidole. Halikujibu. Lilikuwa limejaa. Akaridhika.

Ijumaa asubuhi gari la hospitali lilikuwa limeegeshwa kando ya jengo la kufulia. Sista Mkuu alikaa mbele na dereva, wauguzi wengine wakajibana nyuma na sare zao, na Bi Simu akasimama nje mlangoni, mkono umeshika bati la gari. Randa alikuwa nyuma yake. Alikuwa ameacha kazi ya watu ili aje asimame tu.

Dereva akabonyeza. Ngoma ikaingia, wauguzi wakajisikia wakiimba, wawili wakaanza kuchekana. Kisha wakanyamaza ndani ya wimbo, na katikati ya ukimya ule, ndani ya spika mbovu za gari lililobeba wagonjwa miaka na miaka, ukaja mvumo. Haukuwa mkubwa. Ulikuwa kama mkono wa yule mama mgongoni, pale pale anapouweka. Muuguzi mmoja kijana alivuta pumzi ndefu bila kujua, na aliyekuwa kando yake akaivuta pamoja naye.

Wimbo uliisha. Bi Simu alikuwa ameangalia chini, na Randa aliona vidole vyake kwenye bati vimekuwa vyeupe kwenye kucha.

"Dereva," Sista Mkuu alisema, bado anaangalia mbele. "Rudisha mwanzo. Na uzime injini."

Waliusikiliza tena. Uliposimama, Sista alishuka, akazunguka gari, akamshika Bi Simu mikono yote miwili.

"Mimi nilizaa watoto wangu wote mkononi kwa yule mama," alisema. "Nilidhani nitausahau ule mvumo. Dada, umemweka mahali pake." Akapangusa jicho kwa mgongo wa mkono, akawa mkuu tena. "Jioni hii tunaupiga mbele yake. Na kwaya ya maabara inataka kukuona, wana wimbo wao. Usiwakubalie haraka, wanaimba vibaya."

Njiani kurudi kwenye kijichumba chake cha kioo, Bi Simu alimshika mumewe kiwiko. Kisha akasema, "Chumba umekikosa, fundi."

"Nimekikosa," Randa alisema. "Mbao zangu zitanyeshewa. Sawa."

Wiki iliyofuata jioni moja Randa alichemsha chai, akamimina vikombe viwili, akaita kutoka jikoni: "Mama, chai imeiva, njoo kabla haijapoa."

Hakuna aliyekuja. Chumbani aliusikia wimbo wa watu wa maabara ukienda mbele na kurudi, na Sista hakuwa amewasingizia. Akaita tena. Akachukua vikombe, akaenda, akasukuma mlango kwa mguu. Mkewe alikuwa ameegemea kiti, macho yameelekea spika ya kulia, anasubiri.

"Mbona huji? Nimekuita mara mbili."

Bi Simu aligeuka, akamtazama yeye na vikombe vyake, kisha akaitazama ile spika ndogo ya kijivu juu ya sanduku la msaji, na cheko likaanza kumpanda.

"Nilidhani ni huyu," alisema.